Kuta Nne za Rangi ya Kichuguu

Jumamosi, 6 Juni

Simu saa nne asubuhi. Binti yetu. Mama yake amefunguliwa bandeji. Jicho la kulia linaona. Nilikaa kitini nikashukuru. Nilimshukuru Mungu, daktari, muuguzi aliyemshika mkono mke wangu, na dereva aliyewafikisha hospitali bila kupiga kona kali.

Kisha mke wangu mwenyewe akachukua simu. Alisema ameona majani ya mti, moja moja. Alisema kumbe ndara zake ni za zambarau, naye miaka yote alidhani ni nyeusi. Alisema binti yetu ana mvi mbili na hataki ziguswe wala zitajwe. Nilicheka sana. Halafu akasema atarudi Jumamosi ijayo, na kwamba kitu anachotamani kukiona kuliko vyote ni kuta zake za rangi ya kichuguu.

Nikaacha kucheka.

Lazima niandike ukweli mahali fulani, na daftari hili halina mdomo. Kuta za sebule yetu ni za kijani.

Miaka minne iliyopita, nilipostaafu kazi ya kutunza stoo katika ofisi ya maji, mkuu wangu aliniaga kwa barua nzuri na makopo manane ya rangi yaliyobaki baada ya korido kupakwa. Rangi ya mafuta. Imara, inayong'aa, kijani cha korido. Wakati huo macho ya mke wangu yalikuwa yameshaingia ukungu. Aliona mwanga na vivuli, basi. Alikuwa akiomba sebule ipakwe rangi ya udongo, yenye joto, kama kichuguu baada ya mvua, kama zilivyokuwa kuta za nyumba aliyozaliwa. Nilipaka kwa siku tatu, makopo sita. Aliponiuliza ni rangi gani, mdomo ulinitangulia: kichuguu, mama. Akaweka kiganja ukutani. Akakisogeza taratibu. Akasema kweli, chumba kimepata joto.

Tangu siku hiyo hakuna mgeni aliyeingia bila kuambiwa, "Karibu katika sebule yangu ya kichuguu." Mgeni hutazama kuta, hunitazama mimi, kisha hukohoa.

Siku saba. Shukrani na hofu vimekaa kwenye kiti kimoja, nami sina pa kukaa.

Jumapili, 7 Juni

Nimeshinda sebuleni nikikagua. Kijani juu, kijani chini. Nimefumba jicho moja: kijani. Nimewasha taa mchana: kijani chenye taa.

Nimejaribu kukumbuka waliokohoa. Wapangaji wa nyumba ya pili, wote watatu. Mwalimu mkuu mstaafu. Shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, alikohoa mpaka akaletewa maji. Ni mtu mmoja tu aliyesimama katikati ya chumba na kutamka kwa sauti kwamba hajapata kuona udongo safi kama ule. Fundi cherehani. Mtu muungwana. Ninamshukuru hadi leo. Sijui kwa nini baada ya hapo mke wangu aliacha kumpelekea vitambaa.

Na kuna mmoja ambaye hakukohoa wala hakusifu. Jirani yetu wa upande wa kulia, ambaye mtaa mzima unamwita Fundi tu, kwa sababu amepaka nyumba za watu kwa miaka arobaini na hakuna haja ya kueleza fundi wa nini. Siku nilipomaliza kupaka alichungulia dirishani akasema, "Bwana Stoo, hiyo ni kijani." Nilimjibu kwamba labda macho yake nayo yapelekwe hospitali. Tangu hapo tunasalimiana kwa kutikisa vichwa, juu ya ua.

Kwa hiyo Fundi haombwi msaada. Heri nipake kwa vidole.

Na kwa kweli sina haja naye. Nina wazo. Mke wangu anataka udongo. Basi nitampa udongo.

Jumatatu, 8 Juni

Nimechimba nyuma ya tangi la maji. Udongo mwekundu, mororo, wa bure. Nimeuchekecha kwa chekeche ya unga ya mke wangu (nitaiosha). Ili ushike ukutani nimepika uji mzito wa ngano, sufuria mbili, nikauchanganya humo. Nakumbuka mke wangu aliwahi kusimulia kwamba kwao walichanganya udongo na kitu fulani. Nadhani ni uji.

Ukuta wa kwanza ulikamilika saa sita. Nilisimama mlangoni. Uzuri! Kichuguu chenyewe, na mvua imeondoka sasa hivi. Watu wanahangaika madukani na vitabu vya rangi, kumbe dunia nzima ni kopo moja kubwa.

Nimemaliza kuta zote nne kabla ya jua kuzama. Mgongo haupo tena. Moyo unashukuru. Fundi alikuwa uani akiwamwagia kuku wake pumba. Nilimtikisia kichwa kwa namna ya mtu asiyehitaji chochote.

Nimeacha mlango wa nyuma wazi ili upepo ukaushe.

Jumanne, 9 Juni

Kumbe ile rangi ya kichuguu baada ya mvua ilikuwa ya mvua, si ya kichuguu. Imekauka. Sasa kuta zina rangi ya vumbi la barabarani na zimepasuka kama kisigino. Vipande vinadondoka vyenyewe, kimoja kimoja, na kila kinapodondoka kijani kinachungulia kana kwamba kinauliza kama mgeni ameshaondoka.

Saa mbili nilisikia kugonga. Nilikwenda mlango wa mbele. Hakuna mtu. Kugonga kukaendelea, nyuma yangu.

Kuku watano wa Fundi walikuwa sebuleni wakila ukuta. Uji! Walikuwa wameshamaliza mkanda mzima kuzunguka chumba, kwa kimo cha shingo ya kuku. Jogoo, ambaye hakutaka mabaki, alikuwa amepanda mkono wa kochi ili afikie juu.

Nilikuwa bado nikiwafukuza kwa mto wa kochi Fundi alipotokea mlangoni. Hakuwaita kuku wake. Alifunga mikono nyuma akatazama, kama mtu aliyelipa kiingilio. Mwishowe alisema alikuwa akishangaa kwa nini leo wamesusa pumba. Nikamwambia ni jaribio. Akasema anaona, na kwamba jaribio limefaulu, jogoo ameshiba. Akauliza kwa upole kama kesho nitapaka na mboga.

Nilifunga mlango kwa heshima.

Hata hivyo nisikose shukrani. Kuku wamenikwangulia theluthi moja ya kazi, na hawakugusa mapazia.

Jumatano, 10 Juni

Nimeamka na wazo bora zaidi. Miwani!

Wakati wa kuaga hospitali, daktari alimpa mke wangu miwani ya giza ya kuzuia mwanga. Nilimpigia binti yetu nikamuuliza habari za wajukuu, habari za kazi, habari za jiko jipya, kisha, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, miwani ile ni ya rangi gani. Akasema ni ya kahawia. Kahawia! Nilikaribia kulia. Mtu anayetazama kijani kupitia kahawia anaona nini? Udongo, au jamaa yake wa karibu. Nikamweleza kwamba nimesoma mahali kuwa baada ya upasuaji wa jicho ni vema mgonjwa asivue miwani ndani ya nyumba kwa miezi sita. Saba, kama nyumba ina vumbi.

Binti yetu akaniuliza, "Baba, umefanya nini?"

Nikasema sijafanya lolote. Akampa mama yake simu. Mke wangu akasema daktari ameagiza miwani ni ya juani tu. Akifika mlangoni ataivua, na ataivua kwa furaha, maana inamfanya aone kila kitu kama chai. Akaongeza kwamba dada yake atakuja naye. Shemeji anataka kuwapo siku atakapoziona kuta.

Bila shaka anataka.

Nilikaa nikitazama mkanda uliodonolewa. Nikamfikiria mke wangu akivuka mlango ule. Miaka minne amekuwa akiwakaribisha watu katika chumba ambacho hakipo. Si kuta ndizo zitakazomuumiza. Atageuka anitazame, na safari hii ataiona sura yangu vizuri.

Saa kumi nilikwenda kwa Fundi. Nilimwambia nina rafiki ambaye ana ukuta wa rangi ya mafuta, juu yake pana udongo kidogo, na anataka kichuguu kabla ya Jumamosi. Fundi alikuwa akiosha brashi ambazo hata hazikuwa chafu. Akasema, "Mwambie rafiki yako kuku wangu wanamsalimu."

Nikamwomba tuache mizaha. Akasema hana mizaha, ana sharti moja. Nitamke rangi ya kuta zangu.

Nikasema anaijua. Akasema anaijua tangu siku ile, na siku ile aliambiwa aende hospitali. Nikatazama huku na huku. Nikasema, kijani. Akaweka kiganja sikioni. Kijani! Akaniuliza kama kuna lolote la kuongeza kuhusu macho yake. Nikasema ni macho mazuri, sijapata kuona macho kama hayo. Akachukua ngazi.

Miaka minne ya kutikisiana vichwa imekwisha kwa neno moja. Nashukuru, ingawa alinifanya niliseme mara mbili.

Alhamisi, 11 Juni

Fundi amefika saa moja kamili. Tumeosha kuta, tumekwangua, tumepiga msasa. Alinieleza kwamba rangi ya mafuta ni kama mtu mwenye majivuno, hashikwi na kitu mpaka kwanza apunguzwe mng'ao. Alisema hayo akinitazama mimi, si ukuta.

Kisha tukapiga rangi nyeupe ya kutangulia. Chumba kikawa kama yai.

Mchana ameanza kuchanganya. Rangi ya maji, nyeupe, kisha hudhurungi kidogo, nyekundu ya tofali kidogo, manjano ya mchanga tone kwa tone. Ana utaratibu wake: hapaki ukutani kabla ya kupaka kibao. Kibao kinakaa juani, kinakauka, kinatazamwa asubuhi, mchana na jioni. Akasema rangi ikiwa mbichi haina ukweli. Hii ya maji hukolea ikikauka, na asiye na subira atakuja kujiona mjinga. Nilikubali kwa kichwa.

Akaenda kwake kula. Nilibaki na ndoo. Niliitazama. Ilikuwa imepauka, kama chai yenye maziwa mengi. Nikafikiri huyu mzee amechoka, mkono wake umekuwa mzito. Nikaongeza hudhurungi. Kijiko kimoja. Viwili. Nusu ya kopo, kwa kuwa kijiko kilikuwa kinachelewesha. Nikakoroga vizuri. Ikapendeza kabisa.

Fundi aliporudi alitazama ndoo, akatazama kibao, akasema labda jua limehama. Tukapaka ukuta mkubwa, ule unaotazamana na dirisha, mara mbili. Nimekwenda kuoga nikiimba.

Ijumaa, 12 Juni

Ukuta mkubwa umekauka. Ni mweusi kama sehemu ya sufuria inayokaa motoni.

Fundi alisimama mbele yake kwa dakika nzima. Kisha akaniomba nimwonyeshe kopo la hudhurungi. Nikasema huenda limevuja. Akaligeuza juu chini, akalipiga kofi, halikutoa hata tone. Akasema, "Limevujia ndani ya ndoo, Bwana Stoo. Makopo yana akili sana siku hizi."

Nilikiri. Nilifikiri ataondoka na ngazi yake, na angekuwa na haki. Badala yake alikaa sakafuni, akaweka kile kibao chake kando ya ukuta ule mweusi, akatikisa kichwa huku na huku kama anayepima nguo. Akasema hakuna muda wa kuukwangua tena. Akasema ukipigwa na jua utarudi kuwa kahawia nzito. Basi ubaki ulivyo. Kuta tatu nyingine zitapakwa rangi ya kibao, nyepesi, na ule mkubwa utazishika kama bega.

Tulipaka mpaka saa kumi na moja. Sikuruhusiwa kuigusa ndoo. Nilipewa kazi ya kushika ngazi, tena kwa mikono miwili ili ionekane.

Naandika haya nikiwa mlangoni. Jua la jioni limeingia. Kuta tatu zina rangi ya chungu kipya, na ule mkubwa ni udongo uliokunywa mvua hadi ukatosheka. Nimekaa katika nyumba hii miaka ishirini na sita na leo ndiyo kwanza nimeona kuwa dirisha lipo mahali pazuri.

Nimemwambia Fundi asante. Nimemwambia pia kwamba, tukitazama kwa haki, wazo la ukuta mzito lilikuwa langu. Amenitaka nishike ngazi tena, ingawa kazi ilikuwa imekwisha.

Kabati kubwa hatukulisogeza. Nyuma yake bado kijani. Nani atatazama nyuma ya kabati?

Jumamosi, 13 Juni

Wamefika saa nne. Nilikuwa nimesimama mlangoni tangu saa mbili.

Mke wangu alishuka garini bila kushikwa mkono. Miaka mingi sijamwona akitembea hivyo, bila kupapasa njia kwa mguu. Alipofika mlangoni alivua miwani, akaikunja. Nikajisogeza pembeni ili azione kuta.

Hakuzitazama. Alinitazama mimi. Muda mrefu. Akasema, "Mzee, umezeeka." Kisha akasema shati nililomwambia ni la bluu ni la kijivu na halina kifungo cha tatu, na kwamba uso wangu ni ule ule, ila umekunjwa vibaya kama shuka la watoto.

Siku saba nilihangaika na kuta. Sikufikiria hata mara moja kwamba ataniona mimi.

Akaingia. Shemeji nyuma yake, tayari kukohoa. Hakukohoa. Alikuwa ameshavuta hewa nyingi, kinywa kikabaki wazi. Mke wangu alizunguka chumba chote taratibu, akaweka kiganja kwenye ukuta mkubwa, akakiacha hapo. Akasema maneno mawili tu: "Sasa ndiyo."

Sikuyaelewa, lakini niliyapokea. Shemeji akauliza kwa nini ukuta wa miaka minne unanuka rangi. Nikasema nimeurudishia juzi, rangi ile ile, kwa heshima ya mwenye nyumba. Mke wangu akasema vema sana.

Fundi aliitwa. Tulikula pamoja wanne, tukicheka, na mke wangu akawa anataja rangi ya kila kitu mezani kama anayeita mahudhurio. Nashukuru. Nashukuru hata kwa kuku.

Jumapili, 14 Juni

Nimerudi kutoka dukani nimekuta kabati liko katikati ya sebule. Mke wangu aliona utando wa buibui. Sasa anaona utando! Yeye na dada yake wamelisukuma wenyewe.

Nyuma yake, kijani. Mraba mkubwa, unang'aa.

Nilianza na unyevu. Nikasema kuta za siku hizi huota ukungu, na ukungu huwa na rangi hiyo. Akaniambia nikae.

Akasema alijua tangu siku ya kwanza. Kiganja kilimwambia. Ukuta wa udongo ni mkavu na una vumbi laini. Ule ulikuwa baridi na unateleza kama sahani. Dada yake alimnong'oneza jioni ile ile kuwa ni kijani cha korido. Nikamuuliza, kama alijua, kwa nini aliwakaribisha wageni miaka minne katika sebule ya kichuguu. Akasema alitaka kusikia nani atakohoa. Alisema hakuna burudani iliyomfaa zaidi alipokuwa haoni. Mwalimu mkuu alikohoa kwa haya, shemeji kwa hasira, wapangaji kwa zamu. Na yule fundi cherehani aliyesifu bila kukohoa, ndipo alipojua kuwa mtu huyu ataweza kumshonea gauni la mikono mitatu na kumwambia limempendeza.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mimi.

Akasema kwamba nilipostaafu nilikaa wiki tatu nikitazama mlango, nikimjibu kwa neno moja moja. Siku nilipoingia na makopo yale, alisikia hatua zangu zimebadilika. Nilikuwa nikitembea kama mtu aliyealikwa. Nilipiga mluzi siku tatu nzima nikipaka. Akasema angeambiwa achague kati ya kichuguu na mluzi ule, asingehitaji macho.

Nilikwenda uani kwa muda. Vumbi liliniingia machoni, yote mawili.

Niliporudi nilimwahidi kwamba katika maisha yaliyobaki sitamdanganya tena, kwa neno wala kwa brashi. Akasema amesikia. Dada yake akakohoa.

Jumatatu, 15 Juni

Nimeamka mtu mpya. Mwepesi, mwaminifu, mwenye shukrani.

Asubuhi mke wangu aliniomba jambo moja. Kwa kuwa sebule imependeza hivi, anataka chumba cha kulala nacho kipate joto. Rangi ya ngozi ya kitunguu kikavu, akasema, na nisiwe na haraka. Nikasema bila shaka, mama.

Nilikwenda stoo kutafuta brashi. Nimekuta makopo mawili. Kijani cha korido. Yamefungwa vizuri, hayana hata kutu. Ni dhambi kuacha kitu kizima kama hicho kiharibike.

Nimefikiri kwa utulivu. Jicho lililofanyiwa upasuaji ni la kulia. La kushoto litashughulikiwa Septemba. Mke wangu hulala upande wa dirisha. Nikikigeuza kitanda kidogo, ukuta wa kabati la nguo utakuwa kushoto kwake usiku na mchana. Ukuta mmoja tu. Kuta tatu zitakuwa kitunguu halisi, naapa.

Fundi aliniona uani na makopo akaniuliza nimebeba nini. Nikasema maji. Akaenda kuwafungia kuku wake.

Lakini nisionekane kama mtu asiyefundishika. Safari hii sipaki ukutani kwa pupa. Nimepaka kibao kwanza, nimekiweka juani, nitakitazama asubuhi, mchana na jioni. Kimeshaanza kukauka. Kwa mbali, ukikunja macho, kina kitu fulani cha kitunguu.